Cheti ni safi, bamba linachanika: maabara walipima nini?

Swali. Habari za kazi, mhandisi. Nina karakana ya kutengeneza bodi za matrela hapa Morogoro. Mwaka huu nimenunua koili mbili za chuma cha milimita 2.5 kwa wauzaji tofauti. Ya kwanza haijanisumbua. Ya pili, ambayo kwenye cheti ndiyo yenye nguvu zaidi, inapasuka ukingoni tukiikunja. Tukitoboa tundu kwa panchi kisha tukalipanua ili kutoa shingo ya kuingizia bomba, mdomo wa tundu unachanika. Nimepeleka kipande maabara, wamekivuta, wakasema kimevuka kiwango kwenye kila kipengele. Muuzaji anasema mafundi wangu hawajui kazi. Je, kipo kipimo cha kuchanika kwenyewe? Na mimi niwaombe maabara nini?

Jibu. Fundi, tuanze kwa kuwaondolea lawama watu wa maabara. Hawakukudanganya, na cheti cha muuzaji nacho huenda ni cha kweli. Wewe unataka kujua bamba litafanya nini likishakatwa, likatobolewa na kukunjwa. Wao waliulizwa bamba zima, lisilo na jeraha, linabeba mzigo kiasi gani. Chuma kinaweza kufaulu mtihani huo wa pili kwa alama za juu na kikafeli wa kwanza siku hiyo hiyo.

Angalia kilichotokea kwa kipande chako. Fundi wa maabara alikata ukanda, akauchonga kwa mashine mpaka ukapata umbo la mfupa, mabega mapana pande mbili na kiuno chembamba katikati. Kwa bamba kama lako kiuno hicho huwa na upana wa milimita 12.5 au 20, na juu yake huwekwa alama mbili za kupimia urefu. Mabega yanabanwa kwenye mataya ya mashine, mashine inavuta polepole, na kompyuta inachora mzigo unavyopanda kadiri kipande kinavyorefuka. Mpaka hapo hakuna neno. Sasa tazama kingo za kile kiuno. Kiwango cha ISO 6892-1, ambacho ndicho maabara nyingi hufuata, kinaagiza kwamba sehemu yoyote iliyokomazwa, yaani iliyofanywa ngumu, na mkasi au panchi iondolewe kwa kuchongwa kabla ya kuvuta. Kwa hiyo kingo zilisagwa zikawa laini. Ukingo wako wewe, ule unaotoka kwenye mashine ya kukatia ukiwa na miiba inayokwaruza mkono, ulibaki sakafuni pamoja na vumbi la chuma. Ulipeleka mgonjwa, wakampima baada ya kumtoa kidonda.

Agizo hilo lina sababu nzuri. Kipimo cha kuvuta kinatafuta sifa za chuma, si sifa za kisu kilichokikata, na bila hivyo maabara mbili zisingepata jibu moja kwa bamba moja. Lakini ndiyo maana cheti kile hakiwezi kuamua ugomvi wako na muuzaji.

Kabla hatujakiacha cheti, kisome vizuri. Kina namba kuu tatu: mkazo ambao bamba linaanza kunyumbuka bila kurudi, mkazo wa juu kabisa lilioubeba, na asilimia ya kurefuka hadi kukatika. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mtego. Bamba likivutwa hurefuka kwanza sawasawa, kiuno kizima, halafu linaanza kunywea sehemu moja, na kuanzia hapo urefu wote unaoongezeka unatoka kwenye sehemu ile ndogo tu. Tuseme chuma kinarefuka sawasawa asilimia 18, kisha mnyweo unaongeza milimita 6. Ukipima kwenye alama za milimita 50 utapata 9 na 6, jumla 15, yaani asilimia 30. Chuma kile kile kikipimwa kwenye alama za milimita 80 kitatoa 14.4 na 6, jumla 20.4, yaani asilimia 25.5. Chuma ni kimoja, vyeti viwili. Viwanda vya Ulaya hupenda milimita 80 kwa bamba jembamba, na vinavyofuata kiwango cha Japani hutumia 50 kwenye kiuno cha upana wa 25. Kama koili zako mbili zimetoka sehemu tofauti za dunia, tazama kama pameandikwa A80 au A50 kabla ya kulinganisha. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya asilimia tano ambazo hazikuwepo.

Sasa tuje kwenye kuchanika.

Muuza kitambaa Kariakoo hahangaiki kukata jora kwa mkasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Anapiga mkasi mara moja pindoni, anashika pande mbili, anachana. Nguvu ya mikono yake haitoshi kukata kitambaa kizima kwa kukivuta, lakini mkato ule mdogo unakusanya nguvu yote kwenye uzi mmoja, kisha unaofuata, kisha unaofuata. Mwaka 1913 Charles Inglis, mhandisi wa Cambridge, alilifanyia hesabu jambo hilo kwa ajili ya mabamba ya meli. Mkazo kwenye ncha ya tundu lenye umbo la yai huzidi mkazo wa kawaida mara moja, jumlisha mara mbili ya kipeuo cha pili cha urefu wa nusu tundu ukigawanya kwa nusukipenyo cha ncha yake. Tundu la mviringo kamili linatoa mara tatu. Mkato wenye nusu urefu wa milimita 5 na ncha ya nusukipenyo cha milimita 0.05 unatoa mara 21. Chuma laini hakifiki huko kwa sababu ncha inanyumbuka na kufifia, na uwezo huo wa kufifisha ncha ndio unaotofautisha bamba linalovumilia mkato na lisilovumilia. Cheti cha kuvuta hakiugusi.

Wahandisi walilazimika kulikubali hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marekani iliunda meli kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, za aina ya Liberty peke yake zikiwa zaidi ya 2,700, na mabamba yakaunganishwa kwa kuchomelewa badala ya ribiti. Tarehe 16 Januari 1943 meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilipasuka sitaha na mbavu mpaka karibu na mkuku ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, maji yakiwa yametulia. Chuma cha meli kilikuwa kikinunuliwa kwa vipimo vya kuvuta, navyo havikusema lolote juu ya tabia yake kikiwa na mkato na hali ya hewa ikiwa ya baridi. Ndipo vikazaliwa vipimo vingi vya mabamba yenye mikato, na kimoja wapo kilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Noah Kahn. Baadaye watu wa alumini wakakichukua wakakifanya chao, na leo kimeandikwa kwenye kiwango cha Marekani ASTM B871.

Nakieleza kwa kirefu kwa sababu ukikielewa hiki, vingine vyote utavielewa haraka. Sampuli ni kipande kidogo cha bamba, kinatosha kiganjani. Upande mmoja kina mkato wa umbo la V, na ncha ya V hiyo imechongwa kali sana, nusukipenyo chake kikiwa sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Mbele ya ncha imebaki nyama ya milimita 25 hivi, na juu na chini ya mkato kuna matundu mawili ya kupitishia pini. Mashine inavuta pini, mdomo wa V unafunguka, na kalamu ya kompyuta inaanza kupanda. Kwa muda huoni chochote isipokuwa ngozi ya bamba mbele ya ncha ikipoteza mng'ao na kubonyea kidogo, kama imenyonywa kwa ndani. Mzigo unafika kileleni. Hapo ufa umeanza, lakini huuoni, maana huanzia katikati ya unene, ndani, ambako chuma kimebanwa hakina pa kunyumbukia. Unapotokeza juu ya ngozi tayari umetangulia ndani kama ulimi.

Baada ya kilele ndipo mambo yanapokuwa matamu. Bamba shupavu linaachia mzigo taratibu, mstari unashuka kwa mteremko mrefu, na mashine inalazimika kuendelea kuvuta ili ufa usogee kila milimita. Bamba lisilo shupavu linashusha mzigo wima, tap, na limekwisha. Eneo lililo chini ya mteremko huo ni nishati iliyotumika kuusukuma ufa. Ukiligawanya kwa eneo la nyama iliyochanika unapata namba ya kulinganisha bamba na bamba. Tuseme nyama ni milimita 25 kwa 2.5, na nishati baada ya kilele ni jouli 10, basi ni kilojouli 160 kwa mita ya mraba. Mzigo wa kilele nao hutumika. Unazidishwa mara nne, unagawanywa kwa eneo hilo hilo, kisha unalinganishwa na mkazo wa kunyumbuka ulioko kwenye cheti. Ikiwa bamba lenye mkato mkali linachanika hata kabla ya mkazo huo kufikiwa, kaa nalo mbali.

Ukimaliza kuvuta, usitupe vipande. Tazama uso wa mchaniko kwenye mwanga. Karibu na mkato utaona pembetatu bapa, ya kijivu, iliyosimama wima dhidi ya bamba. Kisha uso wote unajigeuza na kulala mshazari kama nyuzi 45 hivi hadi mwisho. Mshazari huo ni dalili ya bamba jembamba linalochanika kwa kuteleza. Ukikuta uso bapa unaometameta chembechembe kama sukari, hapo chuma kimevunjika badala ya kuchanika, na sababu yake itafute kwenye baridi, kwenye uchomeleaji au kwenye chuma chenyewe.

Je, ukaombe kipimo hiki? Kwako wewe, hapana. Ukiwa mnunuzi wa alumini ningesema ndiyo. Kinakuambia ufa uliokwisha kuwepo utasafiri kwa urahisi gani. Lakini shida yako inaanza kabla ya hapo: ufa unazaliwa wapi na kwa nini. Unazaliwa kwenye ukingo uliokatwa, na ukingo una kipimo chake.

Chukua kioo cha kukuzia uangalie mdomo wa tundu mlilotoboa kwa panchi. Utaona tabaka nne. Juu kabisa pana mviringo mdogo, ambapo panchi ililisukuma bamba likainama kabla ya kuingia. Chini yake upo utepe unaong'aa, uliokatwa kwa kuteleza. Kisha ukanda wa kijivu wenye chenga, ambapo chuma kilichoka kukatwa kikapasuka chenyewe. Mwisho kabisa, miiba. Ule ukanda wenye chenga tayari una nyufa ndogo ndogo, na chuma kilichoko nyuma yake kimekomaa kwa kusukwasukwa mpaka hakina tena akiba ya kurefuka. Unapopanua tundu, chuma cha mdomoni ndicho kinachotakiwa kurefuka kuliko kingine chote. Umempa kazi nzito zaidi yule aliyechoka zaidi.

Kipimo chake ni ISO 16630, kipimo cha kupanua tundu, na kinahusu mabamba ya unene wa milimita 1.2 hadi 6, kwa hiyo lako limo. Sampuli ni kipande cha bamba chenye upana usiopungua milimita 90. Katikati linatobolewa tundu la milimita 10 kwa panchi, na nafasi kati ya panchi na dai, yaani kalibu ya chini ambamo panchi inaingia, ni asilimia 12 ya unene, yaani kwako milimita 0.3 kila upande. Ona tofauti: hapa hakuna anayesaga ukingo. Jeraha linaachwa kwa makusudi, ila limewekwa kipimo ili kila maabara ijeruhi sawasawa. Bamba linabanwa, na koni ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60 inasukumwa kupitia tunduni kutoka chini, miiba ikiwa upande wa juu, polepole kiasi cha kuona. Mpimaji anakodoa macho. Nyufa za kwanza ni nywele tu na hazihesabiwi. Anasimamisha pale ufa mmoja unapopenya unene wote. Anapima kipenyo cha tundu lililopanuka, anatoa kile cha mwanzo, anagawanya kwa cha mwanzo. Tundu la milimita 10 likifika 14 bila ufa kupenya, bamba lina asilimia 40. Hufanywa mara tatu na kuchukua wastani, nami ningekushauri uombe mara sita, maana jicho la mpimaji ni sehemu ya mashine na matokeo hutawanyika.

Namba hiyo haifuati namba za cheti, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoangukia. Kuna vyuma vya kisasa vilivyotengenezwa kwa tabaka laini lenye visiwa vigumu ndani yake. Kwenye mashine ya kuvuta vinapendeza kweli: nguvu ipo, kurefuka kupo. Lakini panchi ikipita, laini linatembea na kigumu kinagoma, na mpakani mwao panafunguka vishimo visivyoonekana kwa macho. Vishimo hivyo vinasubiri koni. Vyuma vingine vya nguvu ile ile lakini vyenye umbile la ndani linalolingana hupanuka mara mbili au tatu zaidi ya hivyo. Kwenye cheti cha kuvuta utavidhani ndugu.

Sababu nyingine ni ya zamani na ya kawaida zaidi, na kwa koili isiyojulikana ilikotoka ndiyo ninayoishuku kwanza: salfa. Salfa ikiwa nyingi hujifunga na manganizi, ikafanya vidonge laini ndani ya chuma. Rola za kiwandani zinavivuta vidonge hivyo vikawa nyuzi ndefu kufuata urefu wa koili. Bamba la namna hiyo lina upande mzuri na upande mbaya. Likivutwa kufuata nyuzi, ambavyo ndivyo sampuli nyingi hukatwa, halionyeshi kitu. Likunje ili mstari wa mkunjo uwe sambamba na nyuzi, linafunguka kama kitabu. Sehemu ya kemia ya cheti chako itakuambia. Chuma cha kawaida cha ujenzi cha Ulaya, S275JR, kinaruhusiwa salfa hadi asilimia 0.035. Vile vilivyokusudiwa kukunjwa chini ya kiwango kingine cha Ulaya, EN 10149-2, mwisho ni 0.020, na viwanda vizuri huenda chini ya hapo sana. Kama koili yako ya pili imeandikwa 0.030 na ya kwanza 0.006, tumeshajua nusu ya kesi bila kuwasha mashine yoyote.

Utakutana pia na watu watakaokushauri kipimo cha Erichsen, kwa sababu kifaa chake ni kidogo na baadhi ya vyuo wanacho. Tufe la milimita 20 linasukumwa katikati ya bamba lililobanwa mpaka kikombe kinachotokea kipasuke, na kina chake ndicho jibu. Kinafaa kwa watengeneza masufuria na masinki. Tufe halifiki ukingoni, kwa hiyo halitakuambia lolote juu ya kingo zako. Usikilipie.

Vipo vipimo vikubwa zaidi, na nitavipitia haraka kwa ajili ya wasomaji wengine. Watu wa ndege huvuta mabamba mapana yenye ufa katikati, wakiyabana kwa nguzo pembeni ili yasijikunjekunje, na kuchora jinsi upinzani unavyoongezeka ufa unavyosogea. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines, Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, ilipoteza kama mita tano na nusu za paa lake angani kwa sababu nyufa ndogo kwenye matundu mengi ya ribiti ziliungana, na mhudumu mmoja akafariki. Baada ya hapo swali la nyufa nyingi ndogo kwenye bamba moja jembamba likawa la lazima. Na wale wa mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kigumu chembamba kisichorefuka sana, walijifunza Darwin, Australia, Krismasi ya 1974, kimbunga Tracy kilipopita. Mabati yalichanika kuzunguka vichwa vya misumari na skrubu, na kilichoyachosha ni upepo kuyasukuma na kuyaachia maelfu ya mara. Tangu hapo maabara za huko huyapima kwa mizunguko, si kwa mkandamizo mmoja. Msomaji aliyewahi kuokota bati lake kwa jirani baada ya dhoruba aangalie matundu ya misumari: yakiwa na nyufa zinazotoka kama miale, bati lilichoka, yakiwa yamepanuka tu, kichwa cha msumari kilikuwa kidogo.

Kama chuo cha uhandisi kilicho karibu nawe hakina koni ya ISO 16630, lakini kina mashine ya kuvuta, ipo njia ninayoipenda sana kwa nchi zetu. Tunauita uchambuzi wa kazi halisi ya mchaniko. Cotterell na Reddel waliufafanua mwaka 1977. Unakata vipande vya upana wa milimita 60, unavipiga mikato miwili inayotazamana, na kati ya mikato unaacha nyama ya urefu tofauti, tuseme 8, 11, 14, 17 na 20. Unavivuta vyote mpaka vikatike. Nishati ya kila kimoja unaigawanya kwa eneo la nyama yake. Nyama ikiwa ndefu, namba inakuwa kubwa, kwa sababu eneo linalonyumbuka pembeni linakua haraka kuliko mstari wa kuchanika. Ukichora namba hizo dhidi ya urefu wa nyama zinajipanga kwenye mstari ulionyooka, na pale mstari unapokata mhimili, nyama ikiwa sifuri, ndipo ilipo gharama ya kuchana peke yake, bila ya kunyumbua. Mashine ya kawaida, msumeno na mwanafunzi mwenye subira vinatosha. Sharti ni ncha za mikato ziwe kali na zifanane. Mkato uliokatwa kwa msumeno ukaachwa butu utakupa bamba shupavu la uongo. Na kwa koili mbili kama zako, kinachotafutwa ni tofauti kati yake, kwa hiyo hata maabara isiyo na vyeti vya kimataifa itakusaidia ikivipima vyote siku moja kwa mkono mmoja.

Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, fanya hili karakanani. Kutoka kila koili kata vipande vya upana wa vidole vitatu kwa mashine yako ileile. Vingine vikatwe kufuata urefu wa koili, vingine kukingama. Vikunje kwenye nusukipenyo kimoja: kundi la kwanza miiba ikiwa nje ya mkunjo, la pili miiba ikiwa ndani, la tatu kingo zikiwa zimepigwa tupa na msasa zikawa laini kabisa. Kama la kwanza linapasuka na la tatu halipasuki, ugonjwa uko ukingoni, na hapo muuzaji ana nusu ya hoja. Kagua visu, kagua nafasi. Fundi aliyezoea chuma laini huacha nafasi ndogo, na kwa chuma kigumu zaidi nafasi hiyo haitoshi. Utaiona kwa utepe wa pili unaong'aa katikati ya ukanda wa chenga. Nafasi ikizidi, mviringo na miiba hukua. Kama hata vipande vilivyopigwa msasa vinapasuka, na hasa vile ambavyo mstari wa mkunjo uko sambamba na urefu wa koili, basi chuma ndicho chenye kasoro, na mafundi wako waachwe wafanye kazi.

Ukienda maabara, andika barua, usiseme kwa mdomo. Omba kupanua tundu kwa ISO 16630, koili zote mbili, sampuli sita kila moja. Omba kipimo cha kuvuta pande mbili, kufuata koili na kukingama, na urefu wa alama uandikwe. Omba kemia, salfa itajwe. Omba picha ya ukingo uliotobolewa chini ya hadubini, na vipande vilivyochanika urudishiwe. Kwa muuzaji, koili ijayo isinunuliwe kwa jina la nguvu peke yake: mwambie unataka chuma cha kukunja na kutoa shingo, kiwango cha salfa kiandikwe, na asilimia ya kupanua tundu iwe kwenye cheti. Viwanda vinavyouzia watengenezaji wa magari huitoa namba hiyo bila kunung'unika. Anayesema haijui anauza chuma cha matumizi mengine.

Jambo moja la kutenganisha: kama kuna trela lililokwisha toka likiwa zima, kisha likapasuka baada ya miezi ya barabara mbovu, usilichanganye na haya. Huo ni uchovu wa mizigo inayojirudia, una mashine zake na vipimo vyake, na bamba linaloshinda koni linaweza kushindwa huko, hasa kwenye miguu ya uchomeleaji. Niandikie kivyake, na picha ya mahali ufa ulipoanzia, si ulipoishia.

Koili iliyobaki usiiuze kwa hasira. Geuza mabamba ili miiba ikae ndani ya mkunjo, pima upya nafasi ya visu, ongeza nusukipenyo cha kukunja, na panga kazi ili mistari ya mkunjo ikingame na urefu wa koili kadiri mchoro unavyoruhusu. Shingo za bomba zisitoke kwenye tundu la panchi kama lilivyo. Toboa kwanza dogo kwa panchi, kisha likwangue kwa rima, kile kifaa chenye makali cha kupanulia tundu, milimita moja kila upande ili ukanda uliokomaa uondoke wote, ndipo upanue. Ni kazi ya ziada kwa kila tundu, na gharama yake iandike pembeni, kwa sababu ndiyo utakayomdai muuzaji majibu ya maabara yakirudi na salfa imezidi.